Kiama Kikija Rungwe: Bei ya Shilingi na Bei ya Kilo

Kila kitu kilichomo ndani ya nyumba kina bei mbili. Ya kwanza uliilipa dukani, gulioni au kwa machinga aliyepita mlangoni. Ya pili utailipa siku ya kukimbia, na malipo yake ni kilo: mzigo uko kichwani, mvua inanyesha, njia ya udongo inateleza, na mbele yako kuna mlima. Huku wilayani Rungwe ukitoka bonde moja unapanda kwenda jingine, kwa hiyo bei ya pili ndiyo inayouma. Mama anayechuma chai Katumba anaijua vizuri, maana kila siku anasimama mbele ya mizani ya ndoano na kusomewa kilo zake. Mizani ya aina hiyohiyo ndiyo niliyoitumia kupimia vyombo vya nyumbani kwa ajili ya makala hii.

Hesabu nimeipiga kwa kaya ya watu watano, kwa siku tatu. Siku tatu ni kipimo kinachotumiwa na wengi. Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliwashauri wananchi wake wawe na mahitaji ya saa 72 ndani ya nyumba, na Sweden ilikwisha kupeleka kijitabu cha kujiandaa kwa dharura kwa kila kaya mwaka 2018, ikakirudia mwaka 2024. Wao wanafikiria vita na umeme kukatika. Sisi tunao mlima.

Mji wetu wa Tukuyu umejengwa juu ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka 4,000 hivi iliyopita, na yale mawe mepesi yanayoelea majini, ambayo watoto huyaokota mashambani, ni mabaki yake. Volkano jirani ya Kyejo ilimwaga lava mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, ambayo kwa umri wa mlima ni kama juzi. Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni lava iliyoganda. Udongo unaotulisha ndizi, viazi na parachichi ulitoka humo humo. Hata hivyo, kinachoweza kutukuta mapema zaidi ni tope. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na tumeona jirani zetu: Desemba 2023 maporomoko ya mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80, na Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba pale Itezi, jijini Mbeya. Mtu wa kwenye mteremko hupewa dakika chache. Hapo hakuna muda wa kuchambua kabati, ndiyo maana kabati linachambuliwa leo.

Kukimbia na mali kuna historia yake hapa kwetu. Mei 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka upande wa Nyasaland, Wajerumani waliiacha Neu Langenburg, mji ambao sasa ni Tukuyu. Simulizi za Masoko zinasema kwamba walitupa silaha na fedha zao katika ziwa la pale, na watu wa kando ya ziwa wameokota sarafu za zamani miaka nenda rudi. Jeshi zima, lenye wapagazi, lilipobanwa liliacha vyuma na fedha kwanza. Wewe mwenye watoto watatu na mama mkwe huna wapagazi.

Kwa hiyo anza na kupunguza, na mahali pa kuanzia ni kabati la vioo la sebuleni. Katika nyumba moja niliyosaidia kupanga, kabati hilo lilikuwa na sahani za udongo za harusi ambazo hazijawahi kuguswa na mchuzi, chupa mbili za chai ambazo kioo cha ndani kimepasuka, glasi ndefu za seti isiyotimia, na bakuli la matunda ya plastiki. Yote yalifunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Mizani ilisoma kilo 19. Mama mwenye nyumba alishika kiuno akaniuliza, "Sasa mwanangu, wageni wakija tutawapakulia wapi?" Binti yake akamjibu, "Mama, siku hiyo wageni tutakuwa sisi." Tulicheka wote, naye akaanza kutoa sahani moja moja.

Kinachotoka kabatini kisirudi uvunguni. Tivii ya chogo isiyowaka, betri ya gari iliyokufa, sufuria zilizotoboka, majembe yaliyovunjika na vipande vya bati vina mnunuzi: wale vijana wa skrepa wanaopita na toroli. Kwao, kilo ulizokuwa unazihifadhi bure zinageuka hela, na hela hiyo inatosha kuanzia mzigo wa dharura. Fulana za kampeni za chaguzi nne zilizopita zinafaa kuwa matambara. Chaja za simu ambazo simu zake hazipo tena, kalenda za miaka ya nyuma na kiatu kimoja kinachomngoja mwenzake, hivyo havina mnunuzi wala mwombolezaji. Nguo zinazovalika wape watu sasa, wakati bado unaweza kuchagua wa kumpa.

Vyombo vikubwa ni suala jingine, na hapa Rungwe tuna jibu zuri kuliko Wazungu wa saa 72. Masufuria ya msiba, maturubai na viti vya kikundi tayari vinamilikiwa kwa pamoja na akina mama wa vikundi vya kuzikana. Turubai imara la kulaza watu ishirini na tano, tuseme linauzwa shilingi 100,000. Kaya moja ikilinunua peke yake inaumia mara mbili, mfukoni na mabegani. Kaya tano zikichanga ni shilingi 20,000 kwa kila moja, na kijana mmoja mwenye nguvu analibeba kwa niaba ya wote. Bei ninazotaja katika makala hii ni za kufanyia hesabu tu. Weka za soko la Kiwira, la Ushirika au za duka lako. Huenda jumla ikabadilika, lakini kilo hazibadiliki.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mtu mmoja anahitaji kama lita tatu za kunywa kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani kilo 45 za kubeba. Kwa chupa za lita moja na nusu ni chupa 30. Kila moja ikiwa shilingi 1,000 umetumia 30,000, na hujapata wa kuzibeba. Wilaya yetu haina upungufu wa maji. Kila bonde lina kijito, na kila paa lina mvua. Tatizo ni usafi wake. Kidonge kimoja cha klorini cha kutibu lita 20, kile cha WaterGuard kinachouzwa maduka ya dawa, hakina uzito wa kuhesabu. Vidonge vitatu vinatibu lita 60. Hata kila kimoja kikiuzwa shilingi 200, umelipa 600 badala ya 30,000, na kilo 45 zimebaki mtoni zikikungoja. Nunua kumi, uone tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, tia kidonge, subiri nusu saa. Ukiwa na kuni, kuchemsha mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja kunatosha. Ukiwa juu kabisa mlimani, mita 2,000 kwenda juu, ongeza ziwe dakika tatu. Kila mtu atoke na chupa ya lita moja ya njiani, basi.

Kuna hali moja ambayo kidonge hakitasaidia. Mlima ukimwaga majivu, maji ya paa hayanyweki, kwa kuwa majivu huleta vitu ambavyo klorini haiviondoi. Ng'oa mfereji wa kwenye bati kabla majivu hayajaingia kwenye tenki, na ulifunike tenki lenyewe. Majivu yakilowa huwa mazito na huangusha paa, kwa hiyo usijifungie ndani ukaona umepona. Puani funga kitambaa kama huna barakoa nzuri; chenyewe ni bure.

Chakula ndicho chenye ubishi mkubwa, na najua nitakalosema halitapendwa: ndizi zibaki. Kipimo cha mashirika ya misaada ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu watano kwa siku tatu wanahitaji 31,500. Kilo moja ya ndizi mbichi, ukitoa maganda, inakupa karibu 800. Kaya nzima itahitaji kilo 39 hivi, pamoja na sufuria, kuni na saa moja ya kungoja. Mbalaga ya ndizi ni chakula cha nyumbani, na kina heshima yake nyumbani. Kwa kalori zilezile, unga wa mahindi unahitajika kilo 9 kasoro kidogo, na karanga hazifiki kilo 6.

Kwa shilingi, unga unashinda. Ukiwa 1,800 kwa kilo, shilingi moja inanunua kalori mbili. Karanga za 5,000 kwa kilo zinakupa kalori moja na kidogo kwa shilingi moja. Lakini unga hauliwi mkavu. Usiku wa kwanza, mkiwa mmelowa chini ya turubai na kuni zote mbichi, unga wa bei nafuu ni vumbi tu, na karanga zilizokaangwa ni chakula. Siku ya pili moto ukishawaka, unga unarudi kuwa mfalme. Kwa hiyo changanya: unga kilo tano, karanga zilizokaangwa kilo mbili, sukari kilo moja, chumvi kidogo. Jumla inapita kalori 33,000, uzito wake ni kilo nane na ushee, na uji wa sukari na karanga zilizotwangwa unampendeza mtoto anayelia. Kwa mtoto mchanga mama aendelee kunyonyesha. Hakuna bidhaa ya dukani inayoshindana na hilo kwa bei yoyote kati ya zile mbili.

Taa. Mshumaa wa shilingi 500 ukiuwasha jioni unamalizika usiku huohuo, na ndani ya turubai lenye watoto na majani makavu ni hatari tupu. Taa ndogo ya sola, tuseme 25,000, inajilipa kwa usiku 50 wa kutokununua mishumaa, na kwa mtu wa Dodoma ningemwambia achukue hiyo bila kufikiri. Lakini sisi tunajua ukungu wa Tukuyu. Kuna wiki nzima jua halionekani, na taa ya sola inayotegemea wiki hiyo itakuzimikia. Kwa Rungwe chagua tochi ya betri za kawaida na betri za akiba kwa ajili ya mzigo, kisha taa ya sola itumike nyumbani kila siku, na uondoke nayo ikiwa imejaa. Kwa simu, simu ya kitochi yenye vitufe inakaa na chaji siku kadhaa wakati simu janja inaisha kabla ya jua kuzama. Kama unazo zote mbili, zima ile kubwa. Redio ndogo ya betri inastahili uzito wake, kwa kuwa mtandao ukikatika, tangazo la kurudi au kutorudi nyumbani utalisikia TBC au Chai FM.

Sasa malazi. Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo huko Kongo ilipolipuka, na siku chache baadaye serikali ilipoamuru sehemu ya mji wa Goma ihamwe, picha zilizozunguka dunia zilionyesha jambo moja: magodoro. Maelfu ya watu walielekea Sake na Rwanda wakiwa na magodoro vichwani. Ninawaelewa. Wengi wao walikuwa wamekwisha kulipitia hilo Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, na walijua kulala juu ya mawe kunavyoumiza. Ila godoro la sponji ni la kubeba mahali pakavu. Kwenye mvua ya masika ya Rungwe linakunywa maji mpaka halibebeki, na halikauki wiki nzima. Mablanketi mawili mazito yana kilo nne kwa pamoja na yakilowa yanakamuliwa. Salfeti tupu nne zilizoshonwa pamoja zinazuia ubaridi wa ardhi na bei yake ni ndogo mno. Nimelala juu ya salfeti zilizojazwa majani makavu ya migomba, na mgongo haukudai kitu. Hayo majani yapo kila shamba, kwa hiyo unabeba salfeti tupu.

Mahali pa kutandika nako ni uchaguzi, tena usio na gharama, na unaua ukikosewa. Ardhi ya huku hutoa hewa ya ukaa. Pale Ikama, chini ya Kyejo, kampuni ya TOL Gases huivuna na kuiuza. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na mashimoni hasa usiku usio na upepo, na haina harufu. Watu wa Goma huiita mazuku, na imewaua watu na mifugo huko. Ukiona shimo ambalo ndege na panya wamekufa bila sababu, ondoka. Tandika kwenye kinundu, mbali na mto, kamwe si kwenye kibonde kinachokukinga upepo.

Miguuni, mabuti ya mpira yanashinda raba kwenye tope letu ingawa ni mazito. Vaa mabuti, yeboyebo tia kwenye mzigo.

Karatasi hazina uzito, lakini kuzipata upya ndiko ghali: nauli za kwenda na kurudi, foleni, siku za kazi zilizopotea. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja au karatasi ya mauziano ya shamba, kadi za kliniki, kadi ya bima. Watu huuliza wazitie kwenye nini, na jibu langu ni ndoo ya lita kumi yenye mfuniko unaobana. Begi la mgongoni ni zuri lakini linavuja. Lile begi kubwa la mistari, shangazi kaja, ni rahisi, ila mkanda wake hukatika mlimani na zipu yake haijui mvua. Ndoo haivuji, inabebwa kichwani, ukifika unatoa karatasi na kuteka maji nayo, na ikifunikwa ni kiti cha bibi. Piga picha za karatasi zote leo umtumie ndugu aliyeko mji mwingine. Namba zake za simu ziandike pia kwa kalamu ndani ya mfuniko, kwa maana simu ikizima tunagundua hatukumbuki namba ya mtu yeyote. Tia na noti ndogo ndogo za elfu moja na elfu mbili. Fedha ya kwenye simu haina maana mnara ukianguka, na noti ya elfu kumi haina chenji kambini.

Sasa ng'ombe, ambaye wasomaji wengi walikuwa wanamsubiri. Ng'ombe wa maziwa ndiye mali kubwa katika kaya nyingi za Rungwe, wengine wakimpata kwa mpango wa kukopeshwa mtamba na kulipa mtamba. Watu wamewahi kumwacha amefungwa zizini wakaokoa tivii. Fanya hesabu: tivii inataka mtu wa kuibeba na umeme wa kuiwasha, ng'ombe anajibeba, ananyweshwa mtoni, anakula majani ya migomba, na jioni anakupa maziwa. Kwa bei ya kilo yeye ni sifuri. Kama njia inaruhusu, mtangulize pamoja na kijana mkubwa. Kama haina nafasi, mfungulie kamba na ufungue mlango wa zizi. Ng'ombe aliyefunguliwa anaweza kupanda mlima mwenyewe. Kuku watiwe kwenye tenga lao ikiwa kuna mkono uliobaki mtupu. Ukikosekana, wafungulie pia.

Ipo bidhaa moja ya kiama ambayo lazima niitaje kwa sababu inauzwa Afrika Mashariki nzima. Kule Kanungu, Uganda, waumini waliambiwa dunia inakwisha na mwaka 1999, wakauza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Machi 17, 2000 mamia waliteketea kanisani wakiwa wamefungiwa, na makaburi mengine yakagunduliwa baadaye. Mwaka 2023 Wakenya walifukua miili zaidi ya 400 ya waumini katika msitu wa Shakahola. Mtu akikuambia uuze shamba kwa sababu siku imefika, na fedha umpelekee yeye, huyo anakuuzia kitu ghali kuliko vyote nilivyovipima. Mpigie simu mtendaji wa kijiji, mpigie polisi 112.

Jumla yangu basi, kwa kaya moja: unga 9,000, karanga 10,000, sukari 3,000, chumvi 500, vidonge kumi 2,000, ndoo 8,000, tochi na betri 7,000, salfeti 2,000, vivuli vya karatasi 2,000, mchango wa turubai 20,000. Inakuja shilingi 63,500. Mablanketi, sufuria moja, redio na nguo unavyo tayari. Ukiongeza chupa za maji tano, mzigo wote unakaa kati ya kilo 25 na 30, nao unagawanywa kwa watu wazima wawili na kijana mmoja bila yeyote kubeba zaidi ya robo ya uzito wake. Mtoto wa miaka saba abebe chupa yake na yeboyebo zake.

Karanga huchacha na unga huingia wadudu. Kila mwisho wa mwezi pika vilivyomo, nunua vingine, ubadilishe betri na kuangalia tarehe ya vidonge. Ndoo ikae karibu na mlango wa kutokea, pale ambapo sasa hivi pana chupa ya chai iliyopasuka.